"Daktari, uko na kitu ya kukesha?"

Katika duka la dawa ninalohudumu hapa Gitothua, Ruiru, msimu wa mitihani ya vyuo huonekana kwenye mauzo kabla mwanafunzi yeyote hajautaja. Dawa za mafua zenye sudoefedrini huanza kuondoka ilhali hakuna anayepiga chafya. Panadol Extra, ambayo kwa kawaida mtu hununua mbili au nne za kichwa, sasa inanunuliwa karatasi nzima. Siku chache baadaye hufuata dawa za kiungulia, kwa sababu tumbo lisilo na chakula, lililojazwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, halikawii kulalamika. Kisha usiku, ninapokaribia kufunga, anaingia kijana mwenye begi mgongoni, anangoja wateja wengine watoke, anainama kidogo juu ya kaunta na kusema: "Daktari, uko na kitu ya kukesha? Niko na pepa kesho saa mbili."

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa famasia mwenye diploma, na leseni yangu ya Bodi ya Dawa na Sumu imetundikwa ukutani nyuma yangu, lakini mtaani anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari, basi. Wanafunzi wanaopanga huku ni wengi. Wananiambia kwamba bedsita za Gitothua zina nafuu kuliko zile zilizo karibu na malango ya vyuo, na matatu za Barabara ya Thika zinawafikisha Kahawa upande mmoja, Juja na Thika upande wa pili. Katika ploti moja utampata anayesomea uuguzi, anayesomea uhandisi na anayesomea ualimu, wote wakitumia choo kimoja na wote wakiamini kwamba jirani ana siri fulani ya kusoma usiku kucha bila kusinzia.

Zamani waliulizia "kitu" tu. Siku hizi wengi wanakuja na majina kamili waliyoyatoa kwenye simu: Ritalin, Adderall, modafinili. Wengine wanajua hata miligramu. Hilo halinifurahishi wala kunikasirisha. Linanifanya nivute kiti na kueleza.

Ritalin ni methilifenidati. Iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba kule Basel, Uswisi, na jina hilo la biashara likatokana na mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita kwa kifupi. Adderall ni mchanganyiko wa chumvi za amfetamini, na amfetamini yenyewe ni ya kale zaidi, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887. Modafinili ilitoka Ufaransa, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1998 kwa ajili ya narkolepsia, maradhi yanayomfanya mtu aanguke usingizini mchana akiwa kazini au barabarani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima wa afya aliyeahirisha kusoma hadi wiki ya mwisho, au aliyenyimwa nafasi ya kusoma mapema.

Methilifenidati na amfetamini zinafanya kazi kwa kuongeza dopamini na noradrenalini katika maungio ya mishipa ya fahamu ya ubongo. Kwa mtoto au mtu mzima mwenye ADHD, yaani anayezaliwa na ubongo usiotulia mahali pamoja, dozi iliyopimwa na daktari humwezesha kukaa na jambo hadi limalizike. Kwa asiye na tatizo hilo, zinamwamsha, zinampa hamu ya kazi, zinamnyang'anya hamu ya chakula, na zinaupandisha moyo mapigo. Ndiyo sababu methilifenidati iko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazogusa akili, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati na dawa za namna hiyo. Kwetu sisi dawa hizi ni za DDA, yaani dawa za hatari zinazodhibitiwa: zinakaa katika kabati lenye kufuli, haziuzwi bila karatasi ya daktari, na kila kidonge kinachotoka kinaandikwa kwenye rejista. Duka letu haliziweki kabisa. Sijui kemisti ya kawaida ya mtaani ingeziwekea nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa pepa ya saa mbili ni hapana. Lakini nimejifunza kwamba hapana peke yake inamtoa dukani na kumpeleka kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine haulizi swali lolote.

Alikuja msichana mmoja wa chuo kununua kipimo cha ujauzito. Alikuwa na wasiwasi kwa sababu anameza vidonge vya kupanga uzazi kila siku bila kuruka, na siku zake zilikuwa zimechelewa. Nikamuuliza ninavyomuuliza kila mtu: kuna dawa nyingine unayotumia? Akasema hapana. Nikamuuliza tena, hata ya kienyeji, hata ya mafua? "Ni zile za kusoma tu, daktari." Akatoa simu, akafungua kava ya nyuma, na humo ndani, pamoja na kitambulisho chake, kulikuwa na kipande cha karatasi ya fedha kilichokatwa kwa makasi. Vidonge viwili vilikuwa vimebaki. Jina lilikuwa limekatika, likabaki "finil" na 200 mbele yake. Hakukuwa na namba ya toleo, hakukuwa na tarehe ya kuharibika, wala jina la mtengenezaji. Alikuwa amemtumia mwanafunzi mwenzake pesa kwa M-Pesa, na bodaboda akamletea hadi mlangoni.

Kama kweli ilikuwa modafinili, basi kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia: modafinili inalifanya ini livunje homoni za kupanga uzazi upesi kuliko kawaida. Vidonge vya kila siku vinapungua nguvu, kipandikizi cha mkononi vilevile, na hali hiyo huendelea kwa takriban mwezi mmoja baada ya kuacha. Hata P2, kidonge cha dharura ambacho wasichana wengi hukikimbilia wakidhani ni kinga ya mwisho, kina homoni ya aina hiyohiyo inayoweza kuvunjwa vivyo hivyo. Tena modafinili yenyewe, mara chache lakini kwa kweli, huleta upele mkali unaochubua ngozi na midomo. Msimamizi wa dawa wa Ulaya alipoipitia upya mwaka 2010 alipendekeza ibakie kwa wagonjwa wa narkolepsia tu. Msichana alinisikiliza akiwa kimya, akavitazama vile vidonge viwili, akaniuliza kama anaweza kuniachia. Nikavichukua. Kipimo alikwenda nacho nyumbani.

Naandika hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu dawa za kusomea yanahusu kama ni udanganyifu, kama anayezimeza anawaibia wenzake alama. Hilo linaweza kujadiliwa ukumbini. Kwenye kaunta ninachokiona ni watoto wa watu wanaomeza kitu ambacho hawajui kimetoka wapi, kina nini ndani, na kinagombana na dawa gani nyingine mwilini.

Na mara nyingi hatari haiko hata kwenye majina hayo makubwa. Chukua Panadol Extra, dawa nzuri ya maumivu inayouzwa bila karatasi ya daktari. Kidonge kimoja kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Mwanafunzi anaitaka kafeini. Anameza viwili saa mbili usiku, viwili saa nne, viwili saa sita, viwili saa nane, na anapoona alfajiri macho yanafumba anaongeza vingine vinne. Hivyo ni 12, na parasetamoli imefika gramu 6 wakati mwisho wa mtu mzima kwa saa 24 ni gramu 4. Ini halipigi kelele siku hiyo. Anaweza kuingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mzima, akaandika, akatoka, na madhara yakaja kujitokeza siku mbili tatu baadaye wakati yeye mwenyewe hakumbuki alimeza vingapi. Kahawa ingempa kafeini ileile bila kuligusa ini. Mwanafunzi akitaka karatasi nzima, siku hizi namuuliza kichwa kinauma upande gani. Anayeumwa hujibu mara moja.

Kahawa, nasema, na niko Ruiru. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko papa hapa, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa uwezo wake wa kustahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, imebeba jina la mji wetu. Sehemu kubwa ya ardhi ambapo maploti yamesimama huku ilikuwa mashamba ya kahawa. Wazee waliochuma kahawa hiyo bado wako, na baadhi yao ndio wenye nyumba ambamo wajukuu wa watu wengine wanakesha kwa vidonge vya kukatwa kwa makasi. Ni jambo linaloniuma kila nikilifikiria.

Kisha kuna muguka na miraa, na hapa sikubaliani na wale wanaozungumza kana kwamba dawa za kuchangamsha ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na intaneti. Kinachofanya kazi ndani ya miraa, na muguka vilevile, ni kathinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga mwaka 1975, na kathinoni kikemia ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Inaharibika upesi baada ya jani kuchumwa, ndiyo maana miraa hufungwa kwenye majani ya mgomba na magari yanayoibeba hukimbia vile. Kijana anayetafuna muguka na bigijii hadi saa tisa usiku ili amalize kitabu, na kijana wa chuo cha Marekani anayemeza Adderall ya mwenzake wa bwenini, miili yao inapitia jambo linalofanana sana. Tofauti ni kwamba muguka unauzwa hadharani kando ya steji, na watu wa Embu wanaupigania kama zao lao la riziki, kama ilivyoonekana Mei 2024 wakati gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku na mahakama ikaisimamisha amri hiyo.

Hatari huja vitu vinapochanganywa. Kijana mmoja aliletwa dukani na wenzake wawili, anatokwa na jasho, mikono inatetemeka, anasema moyo unataka kutoka. Nilimfunga kipimo cha presha: 152 kwa 98, mapigo 134. Alikuwa ametafuna muguka tangu jioni, amekunywa makopo ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na juu yake amemeza dawa ya mafua yenye sudoefedrini kwa sababu rafiki alimwambia hiyo "inashika". Kila kimoja kati ya hivyo vitatu hupandisha mapigo, naye alikuwa amevipandanisha. Nilimpa maji, nikamkalisha, na hatukungoja. Bodaboda ilimpeleka hospitali mwenzake akiwa nyuma amemshika. Alirudi baada ya juma moja kunisalimia, akiwa mzima, akasema mtihani wenyewe aliukosa.

Sasa niseme kuhusu wale ambao hawakeshi kwa ajili ya mitihani yao.

Kuna vijana hapa, wengi wamemaliza chuo na wengine bado wako darasani, wanaoandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Wenyewe wanaita kazi hiyo kuandika, na kila insha ni oda. Si siri tena. Gazeti la New York Times liliichapisha habari yao mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akiwatafuta waandishi hao nchini Kenya. Mteja wa New York akitaka insha yake saa kumi na moja jioni, huku kwetu ni saa sita ya usiku au imepita. Kwa hiyo mwandishi analala mchana kama anaweza, na kama ana darasa mchana hawezi. Wananiambia kwamba tangu ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa 2022 oda zimepungua na bei ya ukurasa imeshuka, na kwa hiyo anayetaka kodi ya nyumba itimie analazimika kuandika kurasa nyingi zaidi kwa usiku mmoja. Hawa ndio wateja wangu wakubwa wa "kitu ya kukesha", na wao hawakeshi wiki mbili za mitihani. Wanakesha mwaka mzima.

Nimewaza sana kuhusu jambo hilo. Mwanafunzi kule ng'ambo anaweza kuwa na vidonge vyake alivyoandikiwa kihalali ili aweze kuandika insha. Na bado akaamua kumlipa kijana wa Gitothua aiandike, na kijana wa Gitothua akatafuta vidonge bila karatasi ya daktari ili aimalize. Anayenunua insha ananunua pia usingizi wa mwingine, na bei ya usingizi huo haijaandikwa popote kwenye oda.

Nao huniuliza swali la haki: je, hivi vitu vinasaidia? Najibu kwa ninachokijua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha jaribio walilowafanyia watu 40 wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 35. Waliwapa kwa zamu methilifenidati, deksamfetamini, modafinili, au kidonge kisicho na dawa, kisha wakawapa fumbo la kuchagua vitu vya kutia ndani ya mkoba wenye kikomo cha uzito ili thamani iwe kubwa kabisa. Wakiwa na dawa, watu walitumia muda mrefu zaidi na wakahamisha vitu mara nyingi zaidi. Lakini uchaguzi wao ulikuwa mbaya zaidi. Walikuwa kama wanaohangaika bila mpango. Na waliokuwa hodari bila dawa ndio walioelekea kuporomoka. Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wa mwaka 2013, ulikuwa umeshaonyesha kwamba watu waliopewa chumvi za amfetamini waliamini wamefanya vizuri kuliko kawaida, ilhali matokeo yao hayakuonyesha hivyo.

Hilo la pili ndilo ninalolisisitiza kwenye kaunta. Dawa inampa mtu hisia ya kujua. Kijana anafunga daftari alfajiri akiwa na uhakika ambao hajawahi kuwa nao, na anashangaa maswali yanapokuwa mageni. Kumbe kile alichosoma kilihitaji alale ili ubongo ukihamishe kutoka mahali pa muda na kukiweka mahali pa kudumu. Kazi hiyo hufanyika usingizini. Kulala saa tano kabla ya pepa si uvivu. Ni sehemu ya kusoma.

Lakini siwezi kumwambia hayo kana kwamba ana uhuru wote. Nimesikia sababu zao. Mkopo wa HELB umechelewa na ada haijalipwa, kwa hiyo jina halimo kwenye orodha ya mtihani hadi siku tatu kabla. Kati ya majaribio ya CAT na mtihani wa mwisho hakuna nafasi hata ya juma moja. Anafanya kazi ya ulinzi usiku. Anauza mitumba wikendi. Anamlea mdogo wake katika chumba hichohicho. Mtu wa namna hiyo hatafuti alama za juu kwa njia ya mkato; anatafuta saa ambazo hana. Wakuu wa vyuo wanaopanga ratiba na tarehe za ada wanaweza kupunguza wateja wangu wa usiku kuliko msako wowote wa polisi.

Kuna mwingine anayeumia katika jambo hili, na huwa hatajwi. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, ana mwana mwenye ADHD. Aligunduliwa akiwa shule ya msingi, baada ya miaka ya kuchapwa na kuitwa mtukutu, na daktari wa magonjwa ya akili akamwandikia methilifenidati. Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019, likaombwa tena 2021, kuiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, na mara zote mbili likakataa. Dawa isiyokuwa katika orodha hiyo inaweza kuwa vigumu kupatikana katika hospitali ya umma. Kwa hiyo mama huyo husafiri hadi Nairobi, hulipa kutoka mfukoni, na katika duka moja aliwahi kuulizwa mbele ya watu kama hizo tembe ni za mtoto au za kuuza. Alitoka akilia. Mwanawe sasa yuko chuo, anaendelea vizuri, na wenzake wameshamwomba mara kadhaa awauzie chache wiki ya mitihani. Amekataa, lakini anaficha chupa yake ndani ya soksi. Kila kidonge kinachouzwa kichochoroni kinamfanya kijana huyu aonekane mshukiwa anapofika kaunta na karatasi yake halali.

Wenzangu wa famasia katika Ruiru na Thika, huyo tumpokee kwa heshima. Na yule asiye na karatasi tusimfukuze. Kwanza tumuulize amelala lini, amekula nini, anatumia dawa gani nyingine, na kama mapigo yake yanaruhusu tumshauri kahawa: mtu mzima wa afya asipite kafeini miligramu 400 kwa siku, na aikomeshe mapema jioni, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Mwanafunzi ambaye kila muhula hawezi kukaa na kitabu dakika kumi hata akiwa amelala vizuri, huyo tumwelekeze kwa daktari wa akili, kwa maana huenda ana tatizo la kweli ambalo hakuna aliyewahi kulitazama.

Na wewe unayekesha hapa Gitothua, kama umeshameza kitu usichokijua, njoo nacho dukani, hata kama imebaki karatasi tupu. Moyo ukienda mbio, kifua kikibana au upele ukitokea, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie ulichomeza. Sitakuuliza aliyekuuzia ni nani.